Kumjua mnunuzi kupitia televisheni: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya wafanyabiashara wa hapa Unguja na, mara moja moja, wa Pemba: wauza magodoro, wenye mitungi ya gesi, kina mama wa sharubati na maandazi. Nikisema kwamba nusu ya kazi hiyo naifanya nimekaa mbele ya tivii, watu hucheka. Wakishacheka huuliza. Haya ndiyo wanayouliza.

Kwani unatafuta nini humo?

Natafuta la moyoni. Kampuni kubwa za matangazo huliita insaiti. Ni lile jambo ambalo mnunuzi analijua siku zote lakini hajawahi kulitamka, na akilisikia kwa mtu mwingine hutikisa kichwa na kusema "wallahi ndivyo". Ukiniambia "kina mama wa Zanzibar wanapenda usafi", hujanambia kitu. Nani asiyependa? Maneno hayo hayauzi hata mche mmoja wa sabuni.

Chukua mfano huu. Usiku mmoja nilikuwa Kwahani kwa shangazi yangu, ukumbi umejaa, tunaangalia tamthilia. Mama mkwe kaingia kwa mwanawe bila taarifa. Mke kamkalisha kwenye kochi na ugomvi ukaanza hapo hapo. Ugomvi wenyewe ulikuwa mzito, mambo ya urithi na mtoto aliyefichwa, lakini mle ukumbini hakuna aliyeujali. Shangazi akasema, "Hata maji hakumpa!" Jirani akadakia, "Labda hana kitu ndani, anaona haya." Wakanyamaza kidogo, halafu kila mmoja akaanza kusimulia siku aliyofikiwa na mgeni naye hana hata biskuti. Mmoja alimtuma mtoto dukani kwa mlango wa uani. Mwengine aliichelewesha chai makusudi jikoni, anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani, ili mtoto awahi kurudi.

Wakati huo nilikuwa na kazi ya muuza biskuti, na yeye alitaka tuseme biskuti zake ni tamu na watoto wanazipenda. Nilitoka Kwahani na jambo jengine kabisa. Pakiti moja katika kila nyumba huwekwa juu ya kabati, pasipofikiwa na mkono wa mtoto, na hailiwi. Inangojea hodi. Tangazo tuliloandika lilikuwa na sauti ya hodi mlangoni na mwanamke anayeitikia "karibu" bila kukimbiakimbia. Mtoto hakuwemo hata mmoja.

Si ungewauliza watu moja kwa moja?

Waulize, uone. Mtu mwenye adabu zake hamvunji moyo mgeni aliyekuja na karatasi mkononi. Ukimwonyesha bidhaa atakwambia "nzuri, mashaallah", utaandika "nzuri", na hakuna atakayeinunua.

Mbele ya tivii anamsema mtu asiyemjua, asiyemsikia, asiyeweza kununa. Hapo ulimi unafunguka. Anapomlaumu yule mhusika kwa kununua kochi jipya na ilhali ada ya mtoto haijalipwa, amekueleza mpangilio wa pesa wa nyumba yake mwenyewe, tena bila ya kuombwa. Sisi watu wa khanga tunaujua mchezo huo vizuri: jina la khanga halimtaji mtu, lakini anayehusika anajua ni yeye.

Hivi kweli tamthilia inaweza kugusa biashara?

Soma habari za Simplemente María, tamthilia iliyotoka Peru mwaka 1969. María ni msichana aliyetoka kijijini kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Akajifunza kusoma, akajifunza kushona kwa cherehani ya Singer, mwisho akawa mbunifu mkubwa wa mavazi. Ilipozunguka nchi za Amerika ya Kusini, cherehani za Singer zilinunuliwa kwa wingi na wasichana walijaa kwenye madarasa ya ushoni. Miguel Sabido wa Mexico aliichambua tamthilia hiyo, akaona kilichowavuta watu, na katika miaka ya 1970 akatengeneza za kwake kuhimiza elimu ya watu wazima na uzazi wa mpango. Njia hiyo ilifika mpaka kwetu: mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulifuata mtindo huo huo.

Wafanyabiashara wa sabuni wa Marekani walilijua hilo mapema zaidi. Walidhamini michezo ya redio tangu miaka ya 1930, mpaka michezo yenyewe ikapewa jina la sabuni, "soap opera".

Ninachokiona mimi katika kisa cha María ni hiki: cherehani ilikuwa inauzwa miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba mtumishi wa ndani alimwona mwenzake anaitwa bibi.

Niangalie vipindi gani?

Tamthilia kwanza. Ndimo mna ndoa, wakwe, madeni, wivu, mtoto aliyefeli, yaani nyumba nzima.

Mpira ni wa pili, lakini uangalie nje, pamoja na watu, kwenye baraza lenye tivii au kwenye banda la kulipia. Mwezi wa Januari, Kombe la Mapinduzi likichezwa, ni msimu mzuri, na siku ya Simba na Yanga huhitaji kuambiwa. Usihangaike na nani kafunga; angalia mapumziko. Muuza kahawa na kashata anapita, na utaona kwamba mwanamume akiwa na wenzake haulizi bei. Ananyoosha mkono, anachukua, anapokea chenji asiyoihesabu. Akiwa peke yake dukani yule yule atabishania shilingi mia mbili. Tangu nilipoliona hilo, kila bidhaa inayolenga wanaume waliokaa kundi naiandikia bei kwa herufi kubwa mno. Si kwa sababu ni rahisi. Ni ili asilazimike kuuliza.

Vipindi vya mapishi, sikiliza kinachobadilishwa. Mpishi anasema siagi, mtazamaji anasema "mimi ningetia mafuta". Hapo una mteja wa mafuta.

Taarifa ya habari sijafaidika nayo sana. Watu huwa wanakula.

Nikae na nani?

Na bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote nyumbani. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Bibi wa miaka sabini hapa ni mtazamaji wa nusu karne. Amekwisha kuona filamu za Kihindi, za Kimisri na za kila nchi, na anajua mkwe atakufa sehemu ya ngapi. Ukimkalisha pembeni kwa kudhani haelewi, umempoteza mwalimu.

Mbali na yeye, tafuta nyumba yenye watu watano au sita wanaozoeana. Watu wasiozoeana hutazama kimya. Na usikae karibu na rimoti, utageuzwa mtumishi.

Niandike vipi bila ya kuonekana mpelelezi?

Usiandike pale. Simu ukiitoa tu, mazungumzo yanakuwa ya adabu. Mimi huzuia kichwani sentensi tatu, si zaidi, kwa maneno yao hasa, na nikifika njiani naziandika. Sentensi niliyoisahau naihesabu haikuwa na nguvu.

Maneno yao hasa ni muhimu. "Likimkatikia je?", kama nilivyomsikia mmoja akisema juu ya jiko la gesi, na "ana wasiwasi wa nishati kuisha" si kitu kimoja, na ya pili haijawahi kutoka kwenye kinywa cha mtu.

Uliwahi kukosea?

Nimekosea, tena kwa pesa za mtu. Muuza gesi mmoja alinipa kazi ya kuwatoa kina mama kwenye mkaa. Nilihesabu bei ya gunia, nikahesabu bei ya kujaza mtungi, nikaandika tangazo la unafuu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Tangazo likarushwa wiki tatu, simu zilizopigwa zinahesabika kwa vidole, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kuuliza kama ana mkaa.

Baadaye, wala sikuwa kazini, nilikuwa natazama tamthilia na majirani. Mwanamke kawasha jiko la gesi, jiko zuri, jiko la kioo. Mmoja akasema, "Huyo, likimkatikia saa kumi na moja na nusu jioni na mchuzi uko nusu?" Wengine wakaitikia kwa pamoja, kama waliopangiwa. Mkaa unauona unavyopungua. Unainama, unachungulia gunia, unajua zimebaki siku mbili. Mtungi ni chuma, umefunga mdomo. Utautikisa, utaunyanyua, utaumwagia maji ya moto uone pameshika wapi baridi, na bado haukwambii kitu, mpaka siku ya wageni.

Bei haikuwa shida yao. Walikuwa wanaogopa kufedheheka. Tulipoandika upya hatukutaja nafuu hata mara moja; tulisema kijana wa mtungi anafika kabla ya adhana ya magharibi, na mwenye duka akalazimika kuajiri kijana kweli. Hili la mwisho wengi hulisahau. Ukishalijua la moyoni, wakati mwengine tangazo peke yake halitoshi, itabidi duka lenyewe libadilike.

Tamthilia za Kituruki zinatuhusu nini? Maisha yale si yetu.

Ndiyo uzuri wake. Zimetiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo lugha inaingia, lakini nyumba, chakula na mavazi ni vya wengine. Mtazamaji anachuja waziwazi: hili nalitaka, hili mwiko, hili kichekesho. Jumba la ghorofa tatu halimshughulishi mtu. Pazia linawashughulisha. Nimesikia mjadala wa robo saa juu ya pazia la chumba cha bibi harusi mmoja, rangi yake, mikunjo yake, na kama fundi wa Darajani angeliweza.

Ukijua kwamba nyumba nyingi hapa hubadilisha mapazia Sikukuu ikikaribia, utaona fundi wa mapazia anapaswa kutangaza lini na kwa picha gani. Mteja wake anaogopa jambo moja: wageni wa Eid waje na pazia liwe lile la mwaka jana.

Mbona matangazo mazuri ya Bara yakifika huku yanapoa?

Mengine hayapoi. Yanayopoa aghalabu yamekwama kwenye jambo dogo. Mtoto kwenye tangazo anakwenda "shule", wa kwetu anakwenda skuli. Mama anamenya "viazi", wa kwetu anamenya mbatata. Mtu hakasiriki, anaelewa vizuri tu, ila anajua kwamba hasemeshwi yeye.

Kubwa zaidi ni adabu. Tangazo moja la sabuni lilimwonyesha mke kijana anafua kichwa wazi mbele ya baba mkwe. Ukumbi mzima ulizungumza habari ya kichwa. Sabuni ilikuwa ya kampuni gani? Niliwauliza baada ya dakika tano, hakuna aliyekumbuka.

Pemba ni sawa na Unguja?

Hapana, na hata Unguja si moja.

Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, na pesa ya karafuu haiji kidogo kidogo. Mtu anachuma, anaanika, anauza kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, anarudi na pesa ya bati, ya godoro, ya mahari. Sasa mwonyeshe mtu wa Konde tangazo la "lipa kidogo kidogo kila mwezi". Nimekaa Wete na watu wakalicheka tangazo la namna hiyo. Mzee mmoja aliuliza, "Kila mwezi nitachuma nini?" Sentensi hiyo moja ilinifaa kuliko ripoti niliyokuwa nayo kwenye mkoba.

Au, hapa hapa Unguja, nenda vijiji vya dagaa vya Mangapwani na Kama. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, na wavuvi hubaki nyumbani. Kwa hiyo watazamaji wa saa tatu usiku wanabadilika kwa hesabu ya mwezi. Wiki za giza waliobaki mbele ya tivii ni wanawake, tena wamechoka, kutwa wamechemsha na kuanika. Wiki ya mbalamwezi wanaume wamerudi, na rimoti imebadilisha mkono. Tangazo la mashine ya boti wiki ya giza unawatangazia watu waliokuwa baharini. Kalenda ya ofisini haionyeshi hilo, muulize mvuvi.

Na Ramadhani?

Ramadhani ni mwezi wa kazi kwangu. Alasiri jikoni kumechangamka, na tivii au redio inasikilizwa kwa sikio moja, huku mkono uko kwenye kaimati. Picha hazionekani, kwa hiyo tangazo la saa hizo liandikie sikio. Baada ya tarawehe watu wamekaa, wana nafasi, wana utani. Tangazo la kupiga kelele dakika tano kabla ya magharibi usilipeleke hata kwa bure: watu wanangojea adhana, na atakayewaziba masikio atakumbukwa kwa ubaya.

Usiku ninaoupenda kuliko yote ni wa mwezi 29, watu wanasubiri tangazo la kuandama kwa mwezi kutoka kwa Mufti. Mwaka jana nilikaa na mama mmoja mwenye kilo tatu za nyama mbele yake. Kesho ikiwa Sikukuu, nyama iungwe ya pilau sasa hivi. Ikiwa bado, irudi kwenye friji na yeye atie mbaazi kwenye maji ya futari. Vitunguu alikuwa amevimenya lakini hajavikata. Kila tivii ikitoa sauti anasimama na kisu. Kuna biashara ngapi pale? Bucha, duka la barafu, fundi cherehani ambaye nguo bado iko kwake, kinyozi. Wote wanatangaza "Eid Mubarak". Hakuna aliyesema na yule mama mwenye kisu.

Vijana hawaangalii televisheni, wako kwenye simu. Vipi hapo?

Wanaangalia vipande vya ile ile tamthilia, wakatumiana, wakabishana chini yake. Mimi husoma ubishi. Ila naona maoni ya kwenye simu yana kujionyesha kwingi, mtu anaandika asifiwe, na ukumbini mtu anasema bila ya kujipanga. Nikipata vyote viwili vinakubaliana, naamini.

Nitajuaje kama nimepata la kweli au nimejidanganya?

Mweleze mtu asiyehusika, kwa sentensi moja, mfano muuza mboga pale Mwanakwerekwe. Akisema "eee, kweli", bado. Akianza kukusimulia kisa chake mwenyewe, umepata. Kisha jaribu kidogo kabla ya kumwaga pesa: ubao mmoja nje ya duka wiki hii kwa maneno haya, wiki ijayo kwa maneno mengine, mwenye duka ahesabu wanaoingia na kuuliza. Nyumba sita si Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu milioni 1.9 visiwani, ukumbi wa shangazi unakupa wazo, hauwezi kukupa idadi.

Kuna ruhusa ya kutafuta?

Ukitaka kuzunguka nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, anza na ofisi ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huo. Hakuna kijiji kitakachokupokea vizuri umempita. Kipande cha tamthilia usikikate ukakitia kwenye tangazo lako, kina mwenyewe, na COSOZA, watu wa hakimiliki Zanzibar, wapo kwa ajili hiyo. Tangazo la hewani lina kanuni za Tume ya Utangazaji. Na jambo ulilolisikia ukumbini kwa mtu, lichukue maana yake, maneno na kisa viache huko. Visiwa hivi ni vidogo. Shangazi yangu mpaka leo huniuliza kama lile tangazo la biskuti lilimhusu yeye.

Umeme ukikatika katikati ya kipindi, kazi imeharibika?

Ndiyo kwanza imeanza. Kwanza patatokea ubishi, ni Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, imekwisha au ni mtaa mzima. Mtu atachungulia dirishani, akiona kwa jirani nako giza, moyo unatulia. Halafu wataimaliza tamthilia wenyewe. Yule mume atarudi, hatorudi, atarudi lakini na deni. Nyumba ile itauzwa. Nani atainunua? Mara hii ya mwisho yule mke alipewa talaka akapata kazi ya kuoka keki, akawa anauzia harusi za Fuoni, na oveni yake ilinunuliwa na kaka yake aliyeko Oman. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwemo kwenye tamthilia. Nilikuwa gizani kwenye kona ya mkeka, nikijaribu kuzuia sentensi tatu, na tayari nilikuwa na saba.